Fundi Saa na Mkubwa Wake

Mtu mnyenyekevu kuliko wote niliopata kuwajua alikuwa fundi wa saa pale Mengo, na jambo hilo alinieleza mwenyewe. Hakunieleza mara moja tu. Sisi tuliomzoea tulimwita Fundi Saa, kwa sababu jina la Shehe alilikataa. Alilikataa kwa bidii hata ikawa watu hawana budi kumpa, ili naye apate la kukataa. Wiki ikipita bila mtu kumwita Shehe, alikuwa akianza yeye: "Wala msije mkaniita Shehe, jamani." Na sisi tulikuwa hatujafungua kinywa.

Mkewe, ambaye mimi nilimwita Mama, alinisimulia habari za Ijumaa. Mumewe alikuwa akikaa mlangoni mwa msikiti, karibu na viatu, akisema mja wa Mungu hagombei safu ya mbele. Lakini alikuwa akifika wakati ule hasa ambapo wazee wa mbele wamekwisha kukaa na wana nafasi ya kugeuka. Humwona, humpungia mkono. Hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, na ya tatu husimama na kupita katikati ya mabega ya watu wote mpaka mbele kabisa. Ijumaa moja akaja imamu mgeni asiyemjua mtu, na wazee kwa heshima ya mgeni hawakugeuka. Fundi alikaa na viatu mpaka mwisho. Mama alisema wiki ile nzima chakula hakikumpita kooni.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka lililopakana na lake, ukuta kwa ukuta, na kwa miaka mingi nilishona nikisikia saa zake zikigonga upande wa pili, kila moja kwa wakati wake. Nilikuwa mwanamke wa maneno mengi wakati ule. Bado ni wa maneno mengi, ila sasa nayachagua, na kwa nini nayachagua ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Kila Alhamisi baada ya alasiri, Fundi alifunga duka, akatandika mikeka, na wanafunzi wake tukaingia. Hatukupata kuzidi wanane, wanawake upande wa ukutani, wanaume upande wa kabati. Tulikuja kukaa murakaba, yaani kukaa kimya na kuuchunga moyo. Kwanza alizisimamisha saa zote za ukutani, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya kidole, na hata zile za mkononi alizisimamisha, akazifungia sandukuni chini ya blanketi. Duka lilipokuwa kimya ndipo alipokaa. Mgongo wima, macho tuyafumbe, ulimi tuugandishe juu ya kaakaa, na jina la Mungu lipande na kushuka na pumzi, moyoni, si mdomoni. Wazo likija, alisema, usilifukuze, na pia usilitandikie mkeka.

Kikao kilikuwa cha nusu saa. Baada yake ilipasa azirudishe saa zote kwenye majira, lakini kwa kawaida alikuwa ameshaanza kutueleza jinsi yeye alivyokaa, na akianza hayo husahau mengine. Watu wa Mengo walilijua jambo hilo. Ukiipokea saa yako kwa Fundi, kwanza unamuuliza imelala pale Alhamisi ngapi, kisha unaisogeza mbele nusu saa kwa kila Alhamisi. Alipolaumiwa alijibu kwamba nusu saa aliyopewa Mungu haidaiwi.

Adui yetu katika kazi ile alikuwa nafsi. Si roho, alitufundisha, bali yule aliye ndani ya kila mtu anayependa kusifiwa, anayenuna, anayejilinganisha. Lakini Fundi aliona neno nafsi ni la vitabuni. Watu hulitikisia kichwa, kisha hulisahau. Kwa hiyo akamtungia jina lake mwenyewe. Alimwita Mkubwa. "Kwa nini Mkubwa? Kwa sababu anapenda kiti, anapenda asimamiwe, na akiingia ndani kila mtu anyamaze." Basi mwisho wa kikao alitupitia mmoja mmoja na kuuliza Mkubwa yu hali gani leo. Mmoja husema bado amekalia kiti. Mwingine, amepigwa lakini hajaanguka. Muuza samaki wetu wa Ggaba, ambaye tangu dakika ya tano alikuwa akikoroma, husema hajui, na Fundi hutuambia huyo ndiye pekee ambaye Mkubwa wake amenyamaza kweli.

Mkubwa wangu mimi alikuwa mshonaji kama mimi. Nikifumba macho tu, aliniambia mgongo wangu ndio ulionyooka kuliko migongo yote ukutani. Lakini sitasema uongo, kile kikao kilinifaa. Kulikuwa na Alhamisi moja ambapo kwa muda mfupi sikuwapo. Pumzi ilikuwapo, mkeka ulikuwapo, mvua ilikuwa ikigonga bati, na hakukuwa na mtu wa kuogopa wala wa kuogopewa. Ilikuwa miaka ambayo watu waliondoka nyumbani asubuhi wakiaga mara mbili, na mimi nilitoka dukani kwa Fundi nikiwa mwepesi kabisa. Kwa hilo nampenda mpaka leo, na majivuno yake yote nayapokea kama karo.

Nyumbani, Mama alikuwa na maoni yake. Alipenda kuniambia kwamba mumewe amemzika Mkubwa zamani sana, hiyo ni habari ya kuaminika, ila angependa kujua ni nani basi anayerudisha chai jikoni kwa kuwa imepoa. Fundi alikuwa na picha yake ukutani, aliyopigwa studio akiwa amefumba macho katika murakaba. Niliwahi kumuuliza mpiga picha alijuaje wakati wa kupiga. Akanijibu bila kucheka kwamba Fundi alimwambia ahesabu mpaka tatu.

Na hapa ndipo neno lake lilipoanza kutuponza. Alikuwa amelitunga jina la Mkubwa zamani, nchi ikiwa na raia wanaoiongoza. Jeshi lilipochukua nchi, neno lile likapata mwenyewe. Mkubwa amesema redioni. Mkubwa amepita barabara ya chini na magari yake. Mkubwa hataki, Mkubwa ameamuru. Mjini hakukuwa na haja ya kuuliza Mkubwa yupi. Mama akamwambia mumewe mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa ukali kwamba amtafutie adui yake jina jingine. "Mwite Mdogo, mwite Jirani, mwite hata jina langu, lakini hilo liache."

Alikataa. Alisema neno limekwisha kukaa katika vinywa vya wanafunzi, na kuling'oa ni kuwarudisha nyuma katika safari ya roho. Sote tulijua sababu ya kweli. Hakuna shehe mwingine mjini aliyekuwa nalo. Lilikuwa lake, alilitunga kwa akili yake, na mtu aliyefundisha miaka yote kuacha kiburi hakuweza kuliacha neno moja alilojivunia.

Sasa mimi. Sukari wakati ule ilikuwa imepotea, hata ya magendo, na habari zikaja kwamba duka moja litagawa asubuhi. Nikasimama kwenye foleni tangu jua halijapanda. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza mbona mwenzetu una uso wa furaha katika siku kama hizi. Ningeweza kusema alhamdulillahi, ikaisha. Lakini Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimekaa vizuri kuliko siku zote, na Fundi alinisifu mbele ya wote, nami nilikuwa bado natafuta wa kumwambia. Nikamwambia kwa sauti ya kutosha. Nilisema, "Alhamisi sisi tumemwangusha Mkubwa. Kabisa. Fundi Saa anasema wiki ijayo tunamzika."

Yaani nilikuwa najisifu jinsi nilivyoacha kujisifu.

Yule mama akaangalia viatu vyake. Mtu wa tatu mbele yangu, mwanamume mwenye koti, akageuka, akanitazama kidogo, akatoka kwenye foleni akaenda zake. Mtu kuacha foleni ya sukari kabla hajapata sukari, hilo peke yake lingetosha kunitia hofu. Mimi nilichofikiri ni kwamba nimesogea hatua moja.

Alhamisi iliyofuata walikuja wawili. Saa zilikuwa zimesimamishwa na sisi tumefumba macho, kwa hiyo tulisikia gari vizuri sana, na milango yake miwili. Waliingia na miwani myeusi ndani ya duka lililokuwa na giza tayari, na mmoja akagonga goti kwenye kabati. Hakuna aliyecheka. Yule mwingine, mnene, akatutazama tulivyokaa mikekani kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Nyinyi ndiyo watu ya Alihamisi," alisema. "Sisi nasikia hapa nyinyi naangusha Mukubwa. Mpaka nataka kumuzika. Sasa mimi nauliza pole pole. Mukubwa ni nani?"

Nilijua papo hapo maneno yale yametoka kinywani mwa nani. Yalikuwa yangu, hata mpangilio ulikuwa wangu. Ningeweza kusimama nikasema mimi ndiye niliyeropoka, ni maneno ya dini, huyu mzee hana kosa. Fundi alikuwa ametufundisha miaka mingi kukaa pasipo kutikisika, na siku ile nilikaa hivyo barabara. Ulimi uliganda juu ya kaakaa. Sijapata tena kimya kama kile, na nisingependa kukipata.

Basi Fundi akasimama. Nilimwona akijitengeneza kofia, maana alikuwa Fundi hata hapo. Mtu aliyezoea kukaa mlangoni ili aitwe mbele, siku ile hakuitwa na mtu, na akaja mbele.

"Mkubwa ni mimi," alisema.

Yule mnene akavua miwani. "Wewe?"

"Mimi. Hawa hawana habari. Ninayetaka kumwangusha ni mimi mwenyewe, na miaka thelathini sasa amenishinda."

Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kutuambia, na lilikuwa jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kutoa. Yule mnene akamwambia mwenzake kwamba huyu mzee anasema ni yeye ndiye Mkubwa wa nchi hii. Wakamshika mikono. Pale barazani, mbele ya watu wa Mengo ambao ghafla wote walikuwa na kazi za kuinamia, wakamtia kwenye buti ya gari na kuifunga. Kiatu chake kimoja kilibaki njiani. Mama alikiokota, akakifuta kwa kanga yake, akaingia nacho ndani.

Hakuna aliyezigusa saa. Zilibaki zimesimama siku ile na zilizofuata. Mimi nilishona upande wangu wa ukuta nikisikia upande wa pili hakuna kitu, na kila mteja aliyepita alishusha sauti kama amepita penye msiba. Mji mzima ulijua wanaotiwa kwenye buti hawarudi. Nilitaka kumwambia Mama. Kila siku niliingia na uji, na kila siku nilitoka na bakuli tupu na siri yangu nzima.

Aliyemrudisha hakuwa mimi wala dua zetu, ingawa tuliomba. Alikuwa Sajini mmoja, mtu wa kaskazini aliyekaa karibu na ukuta wa Lubiri, kasri ya zamani ya mfalme, ambaye alikuwa ameacha saa yake ya mkononi ifanyiwe matengenezo. Siku ya tano akaja kuichukua, akakuta duka limefungwa. Mama akamweleza kwa sauti ile ile aliyotumia kwa kila mtu kwamba fundi amechukuliwa, na saa iko sandukuni, na ufunguo wa sanduku fundi huuvaa kiunoni. Sajini akakasirika sana. Akaenda. Siku ya pili yake, jua likiwa kali, gari la jeshi likasimama, na Fundi akashuka akiwa amevimba jicho moja, miguu peku, na ufunguo kiunoni.

Tulimuuliza Sajini ilikuwaje. Alikuwa mtu asiyependa maneno.

"Mimi napata yeye kule nafundisha askari," alisema. "Siku ya kwanza wao napiga yeye. Baadaye yeye naanza kusema. Nasema tu, nasema tu. Ati nafsi iko saba. Askari nachoka kabisa. Mimi naambia wao, huyu wazimu, lakini saa yangu iko kwake. Wao nasema, chukua, chukua."

Akafunguliwa sanduku, akavaa saa, akaisogeza mbele nusu saa kwa mazoea bila kuuliza imesimama tangu lini, akaondoka. Vita vya kuung'oa utawala ule vilipokuja aliondoka na wenzake, wala sikumwona tena. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kimya aliokolewa na maneno, na mwanafunzi wake mwenye maneno akanusurika kwa kimya. Nimeligeuzageuza jambo hilo miaka mingi na sijaona upande ambao unaniweka vizuri.

Baada ya mwezi vikao vikarudi. Mama hakuomba safari hii, alitangaza. Adui akawa anaitwa Yule, na Fundi hakubisha. "Yule yu hali gani leo?" Lakini jina hilo halikumkolea.

Kilichomkolea ni kisa chenyewe. Mwanzoni hakukisema kabisa, na nilimwona akishtuka gari likisimama. Alikuwa akiinuka kwenye kikao kabla ya nusu saa kwisha na kwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Nilimlilia siku hizo, kwa siri, nikiwa nimeinamia cherehani. Nchi ilipopoa akaanza kukisimulia kidogo kidogo, na kilivyosimuliwa kikanenepa. Makofi yakaongezeka. Askari wawili wakawa kumi, na katika hao kumi wakasilimu wanne. Na mwanzo wake ukapata adui: mtu mwenye elimu kubwa, shehe mwenye wivu ambaye Fundi hakutaka kumtaja, aliyemchongea kwa barua ndefu ya Kiarabu. Kila aliposema hivyo watu waligeuza vichwa kumtafuta huyo msomi, na mimi nilitafuta sindano sakafuni.

Kila Idi nilimshonea kanzu mpya, na nakshi ya shingo niliidarizi kwa mkono. Alizipokea zote kama haki ya mtu mwenye elimu. Nilikuwa naomba radhi kwa uzi, lakini yeye angejuaje?

Miaka mingi ilipita. Mikono yake ikaanza kutetemeka, na fundi wa saa mwenye mikono hiyo hana kazi, basi binti yao akawachukua wakakae kwake Kisugu. Mimi nami nilikuwa nimezeeka, na nilikuwa nimechoka kukutana na ile siri kila nilipofumba macho. Nikachukua mfuko wa machungwa, nikaenda. Nilimkuta sebuleni amekaa kwenye kiti kikubwa, picha yake ya murakaba juu ya kichwa chake, na saa moja tu ukutani, iliyokuwa nyuma. Mama alinisalimu, akaenda jikoni kutia maji ya chai.

Nilimwambia bila kuzunguka, kwa sababu nilijua nikizunguka nitarudi nyumbani nayo. "Fundi, aliyekuchongea ni mimi. Hakukuwa na shehe. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya sukari, nikajisifu kwamba tumemwangusha Mkubwa, na mtu akasikia. Nawe uliposimama nilikaa."

Alifumba macho, na nilidhani ameingia kwenye murakaba, lakini vidole vilikuwa vikitembea juu ya goti. Saa ikagonga, ikagonga. Niliogopa kwamba atalia, na niliogopa zaidi kwamba atanisamehe kwa hotuba.

"Foleni ya sukari," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Fundi."

"Si barua?"

"Hapana barua."

Alifumbua macho akanitazama, na katika uso ule sikuona hasira. Niliona mtu aliyenyang'anywa kitu. Yale mapigo aliyastahimili, ile buti aliistahimili, lakini kuponzwa na mshonaji mwenye uchu wa kusifiwa, kwenye foleni, hilo lilimshusha.

"Ulipata sukari?" aliuliza.

"Nusu kilo."

Akatikisa kichwa polepole, kama vile ni jambo la kupimwa. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani ambacho sijapata kukisikia kwake, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka. Akaniambia neno lile la Mkubwa nalo lilikuwa na baba, naye ndiye. Mama alimwonya mara mbili, naye akakataa kulibadilisha kwa sababu lilikuwa zuri. "Tulilipika wawili, mwanangu. Wewe ulipakua tu."

Akasogea mbele kwenye kiti, akashusha sauti asisikike jikoni.

"Lakini usimwambie mtu. Yule shehe wa barua mwachie hapo alipo. Mkubwa wangu amezeeka, na hana kingine kilichobaki."

Nikamwahidi. Mama akaleta chai, na nyuma yake akaingia kijana aliyemposa mjukuu wao, amekuja kusalimia. Alikaa kwa adabu kwenye ukingo wa kiti, akauliza kama ni kweli aliyosikia, kwamba Shehe aliwahi kukamatwa zamani zile.

"Usiniite Shehe," alisema Fundi, na mgongo ukanyooka. Akaanza. Walikuwa askari kumi na wawili sasa. Alipofika kwa yule adui mwenye elimu alisita, akaninyooshea kidole kinachotetemeka. "Muulize huyu. Alikuwepo."

Kijana akanigeukia. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia ni kweli, nilikuwepo, na huyo adui nilimjua vizuri, alikuwa mtu hatari sana.